MALEZI YA VIJANA WETU: Riwaya ya Kiingereza Mkononi mwa Mtoto wa Kiislamu



Ndugu wasomaji, mwezi huu nimekusudia kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu wakastaajabu kuliona katika ukurasa huu, nalo ni riwaya za Kiingereza ambazo watoto wetu hufundishwa katika skuli za sekondari, pamoja na insha wanazotakiwa kuziandika juu ya riwaya hizo. Mtasema: Maalim wa chuo, aliyesoma Qur'ani na skuli ya msingi basi, ana nini na Kiingereza? Kweli, Kiingereza changu ni kidogo, hakinitoshi hata kuisoma barua ndefu. Walakini jambo hili nililikosea, na kosa langu likamdhuru mtoto wa mtu. Kwa hiyo yanipasa kulieleza, ili mwenzangu asije akalirudia.

Mwaka 2021, katika darsa moja baada ya sala ya Isha hapa Mombasa, niliulizwa juu ya vitabu vya hadithi wanavyosoma vijana. Nikajibu upesi pasi na kufikiri, kwamba riwaya ni uwongo uliopambwa, na kwamba mwenye kuupoteza umri wake ndani yake ataulizwa. Watu wakaitikia kwa vichwa, nami nikarudi nyumbani hali nimeridhika na nafsi yangu. Sikujua kuwa miongoni mwa waliokaa mkekani alikuwapo baba mmoja, mvuvi, mtu mwema anayelishika analoambiwa. Alipofika kwake alimkuta binti yake wa kidato cha tatu ameshika kitabu cha Kiingereza. Akamwuliza ni kitabu gani, akajibiwa ni riwaya. Akakitwaa, akakifungia sandukuni.

Kitabu chenyewe kilikuwa The Pearl, yaani Lulu, kilichotungwa na Mmarekani John Steinbeck na kuchapishwa mwaka 1947. Hadi mwaka 2022 kilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyoteuliwa kwa mtihani wa kidato cha nne katika Kenya. Binti hakubishana na babake. Aliazima kwa jirani kijitabu cha mwongozo, kile chenye muhtasari wa hadithi na majibu yaliyokwisha kuandikwa, akayahifadhi majibu yale neno kwa neno kama anavyohifadhi juzuu. Siku ya jaribio aliyaandika kama yalivyo. Akapata alama nne katika ishirini, na chini yake mwalimu wa Kiingereza ameandika kwa wino mwekundu: haya si maneno yako, je, kitabu umekisoma?

Mamake alinijia na daftari lile mkononi, akalifungua mbele yangu na mbele ya mke wangu. Hakunilaumu. Alisema tu: "Maalim, neno lako limefika mbali." Wallahi, laiti angalinilaumu ingalikuwa rahisi zaidi kwangu.

Hapo ndipo nilipotaka kujua ni kitu gani hasa wanachofundishwa watoto hawa. Nikamwendea kijana mmoja aliyepata kusoma kwangu chuoni, naye sasa ni mwalimu wa sekondari, akanieleza. Mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne una karatasi tatu, na jumla ya alama zake ni 200. Karatasi ya tatu ni ya insha tupu: insha tatu kwa muda wa saa mbili na nusu, kila moja ina alama 20. Ya kwanza ni insha ya kubuni, anayoitunga mwanafunzi mwenyewe; ya pili ni juu ya kitabu cha lazima; ya tatu ni juu ya kitabu kimoja katika vile vya kuchagua. Fauka ya hayo, katika karatasi ya kwanza kuna uandishi wa mambo ya kazi, kama barua, hotuba na kumbukumbu za mkutano, nao una alama 20 nyingine. Basi mzazi aonaye kuwa kitabu cha hadithi ni mchezo, na ajue kuwa anaufunga mlango ambao mtoto wake hana budi kuupita.

Lakini alama si jambo kubwa. Jambo kubwa ni lile alilonieleza juu ya namna insha inavyotakiwa iwe. Mwanafunzi huulizwa, kwa mfano, kama tamaa ndiyo iliyomwangamiza mtu fulani katika kitabu. Yampasa kwanza aseme rai yake. Kisha alete ushahidi kutoka kitabuni: nani alifanya nini, wapi, na kwa sababu gani. Kisha aonyeshe vipi ushahidi ule unaithibitisha rai yake. Mwisho afunge maneno yake. Niliposikia hayo nilinyamaza kwa muda, maana hii ni kazi tunayoijua. Je, si ndivyo tufundishavyo fikihi? Mwanafunzi akisema hukumu, twamwuliza: dalili yako ni ipi? Akileta dalili, twamwuliza: na imefahamishaje hilo ulisemalo?

Kumbe kosa la binti yule, na kosa la watoto wengi, ni kulichukua jambo na kuliweka mahali pasipokuwa pake. Qur'ani huhifadhiwa kwa herufi na irabu zake, kwa kuwa maneno yale ni ya Mwenyezi Mungu na hapana ruhusa ya kuyabadili. Lakini insha ni kinyume cha hayo: anayeihifadhi ameshindwa kabla hajaanza, kwa kuwa alilotakiwa kulileta ni fahamu yake na maneno yake. Hata insha za kubuni zimeingiliwa na ugonjwa huu. Watoto huhifadhi sentensi za mapambo kisha huzipachika popote, hata insha ikaanza kwa jua linalochomoza na ndege wanaoimba, ilhali habari inayosimuliwa ni ya wizi wa usiku wa manane.

Basi nilikwenda kwa yule mvuvi, nikamwambia: "Ndugu yangu, nilisema bila ilimu, na leo narudi katika neno langu." Akanitazama kwa muda, kisha akasema: "Maalim, nikikitoa kitabu, na asome barazani kwako, nawe usikilize." Nikakubali. Akakitoa kwa shingo upande.

Kwa majuma matatu, kila baada ya Alasiri, binti alikuja na mamake, akasoma kurasa chache kwa Kiingereza kisha akatusimulia kwa Kiswahili, mimi na mke wangu tukisikiliza. Ni kisa cha Kino, mvuvi maskini wa huko Mexico anayepiga mbizi kutafuta lulu. Mwanawe mchanga anaumwa na nge, naye tabibu anakataa kumtibu kwa kuwa wazazi hawana fedha. Kisha Kino anaipata lulu kubwa isiyopata kuonekana, na tangu siku hiyo nyumba yake haina amani. Kila binti aliposema jambo, mimi nilimwuliza: "Umelijuaje? Nionyeshe mahali." Mwanzoni alikasirika kidogo. Baadaye akawa anatia alama kitabuni kabla sijauliza.

Siku moja babake alikuja kuwachukua, akakaa ukingoni mwa baraza kungoja. Binti alikuwa amefika pale Kino anapoipeleka lulu kwa wanunuzi, nao wanunuzi wanamtajia bei duni. Mvuvi yule akadakia: "Hao si wanunuzi wengi. Hao ni tajiri mmoja aliyejigawa." Binti akafunua ukurasa uliotangulia, akamwonyesha kwa kidole: "Ndiyo, baba. Hapa kitabu kimesema ni mtu mmoja tu aliyewaweka wote." Babake hakusema tena. Yeye maisha yake yote amewauzia samaki matajiri wanaomkopesha nyavu, na bei wakaipanga wao. Na walipofika pale mashua ya Kino inapotobolewa usiku, ile aliyoirithi kwa babake na babu yake, ndiye aliyesema: "Soma tena hapo." Hakuondoka barazani siku ile mpaka adhana ya Magharibi.

Jaribio lililofuata binti alipata alama kumi na moja. Si nyingi, lakini zilikuwa zake. Na katika insha ile aliandika juu ya wanunuzi wa lulu na juu ya bei ya samaki bandarini, na mwalimu wake akaandika pembeni kuwa hapo ndipo alipomwona mwandishi.

Sasa niseme juu ya lile neno la uwongo, maana najua wako walio na rai niliyokuwa nayo. Uwongo ni kumfanya mtu aliamini lisilokuwa. Mtungaji wa riwaya na msomaji wake wote wawili wajua kuwa kisa kimebuniwa, kama vile mtoto ajuavyo kuwa sungura hasemi. Hapana anayedanganywa hapo. Na wazee wetu katika dini hawakuikimbia njia hii. Ibn al-Muqaffa, katika karne ya pili ya Hijra, alikileta katika Kiarabu kitabu cha Kalila na Dimna, ambamo wanyama husemezana, na wafalme wakafunzwa kwacho. Ibn Tufayl wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1185, alitunga kisa cha Hayy bin Yaqdhan, mtoto aliyelelewa na paa katika kisiwa kisicho na watu, akafika kwa akili yake kumjua Muumba wake. Na kisa hicho kilitolewa kwa Kiingereza na Simon Ockley mwaka 1708. Hata neno lenyewe riwaya si geni kwetu, sisi tunaosoma Qur'ani kwa riwaya ya Hafs. Sisemi kuwa mambo haya ni sawa, hasha. Nasema tu kuwa umma huu uliijua thamani ya kusimulia kabla ya skuli hizi kujengwa.

Na tazameni jambo hili pia. Mwaka ule ule wa 2021, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi kwa riwaya alizoziandika kwa Kiingereza. Riwaya yake ya mwaka 1994, Paradise, inasimulia habari za kijana aitwaye Yusuf, aliyetolewa na babake kwa mfanyabiashara kwa ajili ya deni. Nayo imekwisha kufasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Mambo ya pwani yetu yanasomwa ulimwenguni kwa kuwa mmoja wetu alijifunza kuyaandika. Tukiwazuia watoto wetu kalamu hii, mambo yetu yataandikwa na wengine, nasi tutabaki kulalamika kuwa hatukuelezwa vyema.

Ni kweli kuwa katika baadhi ya riwaya yamo mambo yasiyopendeza. Lakini dawa yake si sanduku. Sura ya Yusuf yenyewe imetaja mke aliyemtamani kijana, ikataja na hila yake, na mafundisho yamo mumo humo. Mtoto aliyefungiwa kitabu ataazima kwa jirani, na atakisoma peke yake bila wa kumwongoza. Aliyekaa na mzazi atasikia mzazi anasema: hili ni jema, hili ni ovu, na sababu yake ni hii.

Kwa hiyo nawausia wazazi mambo matatu. La kwanza, mwache mtoto akusimulie kitabu chake kwa Kiswahili, sura moja kwa siku moja. Huhitaji kujua Kiingereza. Mwulize tu: nani alifanya nini, kwa nini, na umelionea wapi? La pili, mwongozo usifunguliwe kabla kitabu hakijasomwa mpaka mwisho. La tatu, mpe kazi ya kuandika nyumbani: barua kwa mjomba, habari za arusi, kisa cha safari, ukurasa mmoja kila Ijumaa. Msimwachie mwalimu peke yake. Darasa likiwa na watoto hamsini, na kila insha ikitaka dakika kumi za kusahihishwa, hizo ni zaidi ya saa nane kwa insha moja tu ya kila mtoto. Hapana mwalimu awezaye hayo kila juma.

Nanyi vijana, msione haya kuandika kisha mkafuta. Sisi tulijifunza kuandika kwenye ubao kwa wino wa masizi. Maalim akiona kosa, ubao huoshwa, ukaandika tena, na hapana aliyeona kuoshwa kwa ubao kuwa ni fedheha. Insha ya kwanza ni ubao. Ioshe, uandike ya pili.

Binti yule sasa amekwisha maliza sekondari. Kile kitabu babake hakukirudisha sandukuni. Kimewekwa rafuni juu, karibu na taa. Nami nimejifunza kuwa Maalim akiulizwa asilolijua, jawabu lake ni moja: Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, ngoja nikaulize.

Mwezi ujao, Inshaallah, tutazungumza juu ya mtoto na simu. Wabillahi taufiq.