Tusifungie maneno ndani ya picha

Katika toleo lililopita la jarida letu, makala kuhusu lugha nne za taifa iliandikwa kwa Kiswahili, lakini ramani yake ilisema Kifaransa. Makala ilitaja Kiswahili na Ciluba. Ramani ikaandika « swahili » na « tshiluba ». Makala ilitaja Ziwa Tanganyika. Ramani ikaonyesha « Lac Tanganyika ». Profesa mmoja alituuliza kama ramani ile ilikuwa ya makala nyingine. Tuliona haya.

Kosa tulikuwa tumeliona kabla ya kuchapa. Lakini aliyechora ramani alikuwa amekwisha kumaliza masomo, na alituachia JPEG tu. JPEG haihifadhi matabaka: mito, mipaka, rangi na majina vimeshikana kama chumvi iliyokwisha kuyeyuka mchuzini. Kufuta jina la ziwa ni kufuta na maji yake.

Kwa hiyo ninaona kamati ya jarida isipokee tena ramani wala mchoro wenye maneno bila faili asilia yenye matabaka. Mchoro ubaki chini bila neno. Majina ya Kifaransa yawe na tabaka lake, ya Kiswahili lake.

Kazi yenyewe si ngumu. Faili ya PSD kutoka Photoshop huingizwa katika InDesign kama ilivyo. Ukiichagua na kufungua dirisha la matabaka yake, utaona alama ya jicho kando ya kila tabaka: funga jicho la Kifaransa, fungua la Kiswahili. Faili hiyo hiyo inaweza kuwekwa kwenye kurasa mbili, kila ukurasa na lugha yake, na faili asilia haiguswi. Ila ukiisahihisha katika Photoshop na kuisasisha, agiza InDesign ihifadhi uchaguzi wako. La sivyo ukurasa utafuata hali ya Photoshop. Asiye na programu hizo atumie GIMP, inayoweza kutoa PSD, na Scribus, inayoweza kuficha na kuonyesha matabaka yake. Zote mbili ni za bure.

Tena, herufi za PSD hugeuka nukta za picha zinapoingia ukurasani, na zile ndogo huweza kufifia zikichapwa. Majina madogo ni afadhali tuyaandike katika InDesign yenyewe, juu ya ramani.

Wenzangu watasema faili hizi ni nzito na mega ni ghali. Ni kweli. Basi tutumiane JPEG ya kusoma kwenye simu, na faili asilia iletwe kwa flashi, ibaki katika ordinateri ya jarida hata mchoraji akishaondoka.

Kila mwaka tunalalamika katika kurasa hizi kwamba Kiswahili kinanyimwa nafasi. Katika ramani ile hakuna aliyekinyima nafasi ila sisi wenyewe, siku tulipobonyeza amri ya kuunganisha matabaka na kutupa faili asilia. Kitivo cha lugha kisichoweza kusahihisha neno katika ramani yake kitawasahihisha wengine kwa uso gani? Tuanze na toleo lijalo.