Hujui kushika fimbo ya gofu? Uwanja bado unakuhusu



Panda matatu Timboroa alfajiri, baridi ile unayoijua bado imekukaba. Uko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, penye stesheni ya reli iliyosifiwa enzi za mkoloni kuwa ya juu kuliko zote katika himaya ya Uingereza. Unapita magunia ya viazi na kabeji kando ya barabara, unateremka hadi Eldoret. Mjini kuna uwanja wa gofu wa Klabu ya Eldoret. Nyasi zimekatwa vizuri, miti imetunzwa, kuna hewa safi na nafasi kubwa.

Sasa jiulize: umewahi kukanyaga pale?

Wengi wenu mtacheka. "Gofu ni ya wadosi, sisi na gofu wapi na wapi?" Hapo ndipo tunataka tuzungumze.

Klabu ya Eldoret ni ya wanachama, kama zilivyo klabu nyingi za gofu nchini. Mlowezi alizianzisha kwa ajili yake na wenzake, na Mwafrika aliingia kubeba mkoba au kukata nyasi. Leo Mkenya yeyote anaweza kuomba uanachama, lakini ada inabaki kuwa geti la pili. Hatusemi wanachama wamekosa. Tunasema hivi: gofu ya klabu ndiyo gofu pekee tuliyozoea kuiona, mpaka tumeamini kwamba haiwezi kuwa vingine.

Inawezekana. Kuna kitu kinaitwa uwanja wa gofu wa manispaa. Ardhi ni ya mji, mji ndio unaoutunza, na mtu yeyote analipa ada ndogo anacheza. Hakuna kuulizwa baba yako ni nani. St Andrews kule Scotland, mahali ambapo dunia nzima inapaita nyumbani kwa gofu, viwanja ni ardhi ya umma na vinaendeshwa na amana iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1974. Uwanja wao maarufu kuliko vyote kwa kawaida haupigwi gofu Jumapili. Siku hiyo familia zinatembea juu ya nyasi zile zile wanazochezea mabingwa wa dunia, watoto wanakimbia, watu wanatembeza mbwa wao. Mji haujaanguka kwa sababu hiyo.

Lakini jina "umma" peke yake halifungui geti. Hapo tusome historia ya Marekani, kwa sababu watu weusi wa kule walipigania haki zao hata kwenye viwanja vya gofu.

Mwaka 1951 mjini Atlanta, daktari mmoja mweusi, Hamilton Holmes, pamoja na wanawe wawili, walikwenda kucheza kwenye uwanja wa manispaa. Wakafukuzwa kwa rangi yao. Walikuwa wanalipa kodi ya mji ule kama wengine, kwa hiyo wakaenda kortini. Korti ya chini ikatoa nusu mkate: mji uwape nafasi, lakini unaweza kuendelea kuwatenga. Wakakataa, wakakata rufaa. Tarehe 7 Novemba 1955 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawapa haki, na kabla mwaka haujaisha wakawa wanacheza. Kesi hiyo iliamuliwa wiki chache kabla Rosa Parks hajakataa kuinuka kwenye kiti cha basi.

Kisa cha pili ndicho tunachotaka ukishike vizuri. Mjini Greensboro, uwanja wa gofu wa Gillespie Park ulikuwa mali ya mji. Ili kuwazuia weusi, mji uliukodisha kwa kikundi binafsi kwa dola moja kwa mwaka. Dola moja! Halafu wakasema: sasa hii ni klabu, ina wanachama wake. Tarehe 7 Desemba 1955 daktari wa meno George Simkins na wenzake watano waliweka senti 75 kila mmoja mezani, wakaingia, wakacheza. Wakakamatwa na kushtakiwa kuingia mahali pasipo ruhusa. Baadaye korti ikasema ule ukodishaji ni danganya toto. Kabla weusi hawajaanza kucheza, jengo la uwanja likateketea kwa moto, na mji ukaufunga uwanja wote. Ulifunguliwa tena mwaka 1962, na Simkins ndiye aliyepiga mpira wa kwanza.

Umeona mchezo ulivyochezwa? Hawakumwambia mtu "hatukutaki." Walibadilisha karatasi tu. Ardhi ya umma ikaitwa ya watu binafsi, na aliyekuwa mwenyewe akaitwa mvamizi.

Mchezo huo wa karatasi tunaujua hapa kwetu. Tarehe 19 Januari 2015, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirudi shuleni wakakuta uwanja wao wa kuchezea umezungushiwa ukuta. Waliposukuma ukuta ule, walirushiwa vitoa machozi. Watoto wa shule! Nchi nzima ilipiga kelele, na uwanja ukarudi. Kabla yao, mwaka 1989, Wangari Maathai alisimama mbele ya serikali iliyotaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Walimtukana, lakini jumba halikujengwa.

Sheria iko upande wako, ila lazima uijue. Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema ardhi ya umma iliyo chini ya kaunti inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wakazi wake, na inasimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Kwa niaba yako wewe. Jedwali la Nne limeipa kaunti kazi ya bustani, michezo na mahali pa burudani. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali. Na Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi. Mwaka 2014, katika kesi ya wanawake waliobaguliwa kwenye masuala ya gofu katika klabu moja ya Limuru, Mahakama Kuu ilisema hata klabu binafsi haiwezi kujificha nyuma ya kanuni zake ikakiuka Katiba.

Kuna watakaosema: hatuna maji ya kutosha, vijana hawana kazi, nyinyi mnaleta habari ya gofu? Swali ni la haki. Uwanja wa gofu unakula ardhi na maji, na hatutaki mti hata mmoja wa msitu wa Timboroa ukatwe kwa ajili ya mpira mdogo mweupe. Lakini kijana asiye na kazi ndiye anayehitaji zaidi mahali pa kukaa na kucheza bila kulipa wala kutiliwa shaka. Tajiri akikosa uwanja wa umma, ana bustani yake nyumbani. Wewe ukikosa, unabaki kwenye kibaraza cha duka, polisi wanakuuliza kitambulisho.

Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 2024. Jiji likikua, bei ya ardhi inapanda mpaka huku kwetu juu, na kiwanja kisicho na karatasi ndicho kinachomezwa kwanza. Kwa hiyo anza na kile kiwanja mnachochezea mpira jioni.

Wiki hii, wewe na wenzako wawili, andikeni barua kwa ofisi ya ardhi ya kaunti yenu. Ulizeni mambo matatu: kiwanja chetu kimesajiliwa kwa jina la nani? Kama kimekodishwa, mkataba unaisha lini na ada ni kiasi gani? Je, kimewekwa kwenye mpango wa mji kuwa mahali pa wazi? Wekeni nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Na kaunti ikiitisha kikao cha maoni ya umma, nendeni, hata kama mtakaa nyuma.

Holmes alikwenda uwanjani na wanawe wawili. Simkins alikuwa na wenzake watano. Nyinyi mko wangapi?