Opry yatimiza miaka 100, na tenzi zake

Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha muziki wa kantri, ilifikisha miaka 100 tarehe 28 Novemba, 2025. Ilianza na mzee wa miaka 77, Uncle Jimmy Thompson, aliyeketishwa mbele ya kipaza sauti cha redio WSM mjini Nashville, Tennessee, akapiga fidla hadi wasikilizaji wakaanza kutuma simu za maandishi kuomba nyimbo. Redio ilikuwa mali ya kampuni ya bima iliyotaka jina lake lifike mashambani. Kampuni hiyo ilimezwa na nyingine miaka ya 1980. Kipindi chake kingali hewani kila Jumamosi.

Hongera zao ni nyingi, na wanazistahili. Sisi tunawapongeza kwa jambo ambalo wapenzi wa muziki wa kantri wamelizoea mno hata hawalioni: tenzi.

Kundi la kantri likidumu vya kutosha, siku moja litaingia studio kurekodi albamu ya nyimbo za injili. Alabama, waliojijengea jina kwa nyimbo za mapenzi na za safari, walifanya hivyo mwaka 2006. Statler Brothers waliibeba Biblia nzima: mwaka 1975 walitoa albamu mbili, moja ya Agano la Kale na nyingine ya Agano Jipya. Hata Jim Reeves, mwanachama wa Opry tangu 1955, ambaye sauti yake iliwaingia sana wazee wetu wa Kenya na Tanzania, alitoa moja mwaka 1962, miaka miwili kabla ya kufa kwa ajali ya ndege. Wenye dharau husema hiyo ni toba ya uzeeni, au hesabu za mauzo ya Krismasi. Mauzo yapo, tusidanganyane. Lakini anayeishia hapo hajawasikiliza Oak Ridge Boys.

Chimbuko lao ni bendi ya kantri ya Wally Fowler, iliyokuwa ikienda kutumbuiza Oak Ridge, mji wa siri uliojengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ili kurutubisha urani ya bomu la atomiki. Watu wa pale, mbali na kwao na wengi wao wasijue kazi yao ni ya nini hasa, walizidi kuomba nyimbo za injili. Fowler akawasikia, na kufikia 1945 bendi ikawa na wanne wake wa kuimba injili, Oak Ridge Quartet. Miaka ya 1970 warithi wa jina hilo walivuka upande wa kantri, wakanuniwa na mashabiki wa makanisani, fedha zikawakaukia. Kisha 1981 ukaja wimbo Elvira. Kinachoukalisha masikioni ni besi ya Richard Sterban, ambaye kabla ya hapo aliimba na kundi la injili la Stamps Quartet nyuma ya Elvis Presley. Besi ile haikulelewa baa. Ni besi ya waimba injili, na walipotoa albamu yao ya tenzi mwaka 2015, mwaka uleule walioingizwa katika Jumba la Heshima la muziki wa kantri, walikuwa wanatuonyesha walikosomea.

Shule yenyewe ilikuwa ya kutembea. Huko Lawrenceburg, Tennessee, mchapishaji James D. Vaughan alituma walimu vijijini wakiwa na vitabu ambavyo kila nota ilikuwa na umbo lake, ili mkulima asiyejua kusoma muziki aishike sauti yake kwa jicho. Mwaka 1910 akaajiri waimbaji wanne wa kiume wazunguke kuvinadi vitabu hivyo. Mwanakwaya yeyote wa Moshi au Kakamega aliyefundishwa wimbo mpya kwa do-re-mi ubaoni, alto huku, tenor kule, anaijua njia hiyo bila kuelezwa.

Nyumba nayo ilikuwa ya mahubiri. Ukumbi wa Ryman, Opry ilikokaa kuanzia 1943 hadi 1974, ulifunguliwa 1892 kama jumba la mahubiri ya injili, kwa juhudi za Thomas Ryman, tajiri wa meli za mtoni aliyeguswa na mahubiri ya Sam Jones. Nyimbo za pombe na ndoa zilizovunjika zilisikilizwa na watu waliokaa kwenye mabenchi ya kanisa. Walipohama walikata duara la mbao za jukwaa lile wakaliweka katika jukwaa jipya. Mafuriko ya 2010 yalilifunika, likakaushwa na kurudishwa mahali pake.

Sherehe hii ina deni pia. DeFord Bailey, Mweusi na fundi wa kinanda cha mdomo, alikuwa jukwaani usiku wa 1927 jina la Grand Ole Opry lilipotamkwa mara ya kwanza. Mwaka 1941 aliachishwa kazi. Alifariki 1982, na Jumba la Heshima likamkumbuka 2005. Lipo pia deni la zamani zaidi. Kabla ya fidla ya Mzee Thompson, jina la Nashville lilivushwa bahari na Fisk Jubilee Singers, wanafunzi Weusi, baadhi yao waliozaliwa utumwani, walioanza ziara 1871 kukichangia fedha chuo chao na wakaimba mbele ya Malkia Victoria. Uimbaji wa sauti nne ambao makundi ya kantri yanauita urithi wa bibi zao una mkono wa wanafunzi hao ndani yake.

Mwaka 2021 waimbaji wa Fisk wa kizazi hiki walishinda tuzo ya Grammy kwa albamu waliyoirekodi mbele ya hadhira, ndani ya Ryman hiyohiyo. Opry inapopanga ratiba ya mwaka wake wa 101, iwape Jumamosi nzima, na makundi ya kantri yenye albamu za tenzi yaje kuwaitikia.