Taa Nyekundu Mdomoni, na Chumvi Iko Jikoni

Wasee, kuna hii kitu imejaa kwa simu zetu. Mtu ametoka kung'olewa gego la mwisho, lile linaloota ukiwa tayari una kitambulisho, halafu anauma kitaa chekundu na kutuambia kinaponya. Nimeletewa dili ya kukitangaza hapa Funyula. Nimekataa.

Si kwamba mwanga ni uchawi. Mwaka wa 1967 daktari Endre Mester wa Budapest alimulika panya walionyolewa kwa leza dhaifu, manyoya yakaota haraka. Tangu hapo madaktari wa meno wamejaribu leza hizo baada ya kung'oa magego. Tafiti zingine zinaonyesha uvimbe ukipungua kidogo na mdomo ukifunguka mapema. Kwa maumivu, matokeo yanagongana. Lakini hiyo ni leza iliyoshikwa na daktari, mawimbi yamepimwa kwa nanomita, muda umehesabiwa. Kitaa cha mtandaoni kinakuambia nini? "Nyekundu." Hata taa ya breki ya boda ni nyekundu! (Na stima ikipotea utakichaji na nini?)

Kinachoniudhi ni hiki. Kidonda kinapona kwa sababu ya donge la damu linaloganda kwenye shimo la jino. Likitoka, mfupa unabaki uchi, na siku ya tatu hivi utajua hujui. Hakuna taa inayolirudisha. Kulilinda nako ni bure: usivute soda kwa mrija, usiteme-teme mate, achana na fegi. Barafu kwa shavu siku ya kwanza, halafu kuanzia siku ya pili maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Ibuprofeni na parasetamoli zikitumiwa pamoja hutuliza maumivu kuliko moja peke yake, ila uliza kwanza kama una vidonda vya tumbo au mimba. Ziko kwa duka lolote la dawa. Hakuna anayezifanyia video kwa sababu hazina kamisheni.

Na mtu akishanunua kitaa, anangoja. Maumivu yanazidi, mdomo unanuka, homa inapanda, bado anasema acha nimulike tena. Buda, rudi kwa daktari aliyeng'oa! Na shavu likivimba hadi kumeza au kupumua ni shida, tafuta boda usiku huo huo uende hospitali.

Nyinyi wenye kuponi za punguzo, niambieni tu: ni nanomita ngapi, na kwa dakika ngapi? Nangoja.