Salio la kripto linaloonekana kwenye simu bado si pesa mkononi

Tangu benki zilipofunga milango Goma mwezi wa kwanza 2025, kisha Bukavu mwezi uliofuata, pesa za wakaaji wengi zinapita kwenye simu. Wengi wako na M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Baadhi ya wafanyabiashara na vijana wamevuka hapo: wanatunza na kutuma USDT, sarafu ya kidijitali ambayo moja inahesabiwa kuwa dola moja ya Marekani. Si kosa. Hatari ni kusoma salio la pochi ya kripto kama linavyosomwa salio la M-Pesa.

Kwa M-Pesa, kampuni ndiyo inatunza hesabu. Aliyesahau namba ya siri anaenda ofisini na kitambulisho. Pochi ya kripto ambayo mtu anajitunzia mwenyewe haina ofisi. Programu hiyo haibebi sarafu hata moja. Inaonyesha tu yaliyoandikwa katika daftari la wazi la mtandao, kama Tron ao Ethereum. Inachotunza ni ufunguo, na ufunguo huo unatokana na maneno 12 ao 24. Anayeyajua maneno hayo anaweza kuhamisha kila kitu, hata akiwa mbali na simu ya mwenye mali.

Matapeli wanalijua hilo. Mmoja anajifanya mjinga, anatoa maneno yake 12 na kuomba msaada. Pochi ikifunguliwa, USDT nyingi zinaonekana. Lakini kwenye Tron, ada ya kuhamisha USDT inalipwa kwa TRX, na pochi ile haina TRX. Mwenye tamaa anatuma TRX zake, kisha anakuta hakuna kinachotoka: ruhusa ya kuhamisha iko kwa ufunguo mwingine, na tapeli ndiye anaushika. Salio lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa chambo.

Wengine wanatuma sarafu za bandia. Mtu yeyote anaweza kutengeneza sarafu na kuipa jina la USDT. Muuzaji anayeona jina na tarakimu tu anaweza kutoa bidhaa bure. Dawa ni kulinganisha anwani ya mkataba wa sarafu hiyo na ile iliyotangazwa na Tether, kampuni inayotoa USDT.

Wanaoachia kampuni pesa zao nao hawako salama. Mwezi wa 11 mwaka 2022, wateja wa FTX waliendelea kuona salio kwenye simu zao wakati kutoa pesa kulikuwa kumezuiwa. Wazee wa Kinshasa walionja uchungu wa namna hiyo 1991, Bindo Promotion ilipoanguka.

Basi maneno ya siri yaandikwe kwenye karatasi, yasipigwe picha, yasitumwe WhatsApp, asipewe hata kambisti anayeaminika. Kabla ya kutuma, mtandao uhakikiwe: anwani ya Tron inaanza na T, ya Ethereum na 0x. Kiasi kidogo kitangulie, kingine kifuate baada ya kufika.

Mahali benki zimefungwa, akiba iliyopotea inaweza kuwa mtaji wote wa duka ao karo ya watoto. Salio liaminiwe pale tu mwenyewe ameweza kulitoa.