Tuache lengalenga izae mbegu

Mdogo wangu anayeishi Kanada husema kila tukizungumza kwa simu kwamba wali tuuache, tule kinoa, na amewahi kunitumia mfuko wake. Nimeipika, tumeila, na nasema wazi kwamba ni chakula kizuri. Lakini sisi kina mama wa Uvira hatuna haja ya kusubiri mizigo ya ng'ambo. Kinoa ina ndugu yake wa ukoo mmoja kabisa, anaota katika bustani zetu za Kavimvira, na akishatoa maua tunamng'oa na kumlisha mbuzi. Huyo ni lengalenga.

Kwanza niwaeleze kinoa inavyopikwa, kwa sababu mifuko inazidi kuletwa na ndugu zetu na wengi wanaiharibu. Ganda la punje zake lina kitu kichungu kinachotoa povu. Ingawa mingi ya mifuko ya dukani imekwisha kuoshwa kiwandani, mimi huiosha tena, naifikicha kwa viganja na kumwaga maji mpaka povu liishe. Kikombe kimoja cha kinoa kinataka maji vikombe viwili visivyojaa, chumvi kidogo, na mbabula isiyo na makala mengi, maana ikishika chini harufu ya kuungua huenea sufuria nzima. Baada ya dakika kama 15 punje zinakuwa angavu na kila moja inatoa kimkia cheupe pembeni. Hapo epua, funika, iache dakika 10 imalize maji yake.

Nasikia Ulaya wanaila ikiwa baridi, na matango na limau. Nyumbani kwangu hakuna aliyeitaka hivyo. Walichokipenda ni kinoa ya moto iliyomwagiwa ndagala wabichi, waliokaangwa kwanza kisha wakaiva polepole katika nyanya, kitunguu, pilipili na mawese, kwa kuwa punje zile hunywa mchuzi kuliko mchele. Sombe ya karanga nayo inakaa nayo vizuri. Shida yake ni mkono: haifinyangiki. Mtu aliyezoea kumega tonge la bugali na kuchotea sombe atahangaika tu, bora mpe kijiko. Mama mkwe wangu aliikubali siku niliyoichanganya na mchele wetu wa uwanda wa Ruzizi, kikombe kimoja cha kinoa kwa vitatu vya mchele, vikaiva sufuria moja. Tangu hapo ndivyo ninavyoipika.

Sasa nirudi kwa lengalenga. Kinoa haimo katika jamii ya mahindi na mpunga. Ni mbegu ya mmea wa majani, na watu wa milima ya Bolivia na Peru wameilima tangu kale. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2013 kuwa wa kinoa, na dunia nzima ikaijua. Lakini huko huko Amerika, Waazteki wa Mexico waliishi kwa mbegu za lengalenga pamoja na mahindi, na hadi leo Wamexico huzikaanga zikapasuka, wakazigandisha kwa asali na kuwauzia watoto. Kenya na Uganda unga wa mbegu hizo unauzwa kwa ajili ya uji. Jirani zetu wa Rwanda wamechukua njia ya kinoa yenyewe: mtafiti Cedric Habiyaremye, aliyesomea Washington State University huko Marekani, aliwapelekea wakulima wa kwao mbegu zake wazijaribu. Ni kazi ya kupongezwa. Ila sisi lengalenga tunayo tayari, na kila mama anajua kuiotesha.

Kwa nini nashupalia mbegu ndogo hivi? Kwa sababu ya bwaki, utapiamlo wa watoto. Mtu wa Kivu ya Kusini hahitaji kuelezwa: mtoto anavimba miguu na uso, nywele zinabadilika rangi, hachezi tena. Bukavu walianzisha Comité Anti-Bwaki tangu miaka ya 1960, na bado ugonjwa huo tunao. Muhogo unashibisha, lakini katika gramu 100 za unga wake protini ni kama gramu 1 au 2 tu. Mbegu za lengalenga zina kama 13 au 14, karibu sawa na kinoa, na zina kwa wingi laisini, sehemu ya protini ambayo mahindi na mtama vimepungukiwa. Zamani ndagala, samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika, ndio waliotuzibia pengo. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulifungwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Uamuzi huo nauunga mkono kwa moyo wote, maana bila hivyo wajukuu wetu wataikuta Tanganyika tupu. Lakini miezi hiyo mtoto wa huku kwetu Kalundu anakula bugali na nini?

Mbegu hizo zinapikwaje? Nyeupe, za aina inayolimwa kwa ajili ya mbegu, nilizipata kutoka Uganda. Weka sufuria nzito motoni bila mafuta, mpaka tone la maji likidondoka liruke na kukauka papo hapo. Tia kijiko kimoja cha mbegu, usizidishe. Funika, tikisa. Utasikia mchakacho mkali wa sekunde chache. Ukianza tu kupungua, mimina kwenye sahani, kwani ukichelewa kidogo tu zinakuwa kahawia na chungu. Zikipasuka vizuri ni nyeupe, nyepesi, zina harufu ya bisi. Wanangu huzila na asali, au nazinyunyiza juu ya ndizi iliyoiva sana.

Zile nyeusi za lengalenga yetu ya mboga zina ganda gumu, na nyingi hazipasuki. Hizo nazikaanga mpaka zinukie, kisha nazipeleka mashini pamoja na mahindi, mtama na soya za unga wa uji wa masoso, sehemu moja ya lengalenga kwa tatu za mchanganyiko huo. Uji wake unakuwa mweusi kidogo na mzito, unataka kukorogwa bila kuacha, na lazima uive kabisa. Mbegu mbichi nisingempa mtoto.

Mama anayelima Kavimvira atanijibu, na ana haki, kwamba lengalenga ya majani inamwingizia pesa baada ya wiki tatu au nne, wakati ya mbegu itamkalia shambani miezi mitatu au zaidi, na ada ya shule haingoji. Ndiyo maana simwombi tuta zima. Namwomba mstari wa pembeni, kando ya ua, ambako angeotesha maua au asiotesha chochote. Na watu wa kilimo wanaotuletea mahindi na maharage kila msimu watuletee pia mbegu nyeupe, hata kikombe kimoja kwa kila kikundi cha kina mama, maana punje zake ni ndogo sana na kikombe kimoja kinapandwa eneo kubwa.

Mstari huo upandwe Machi, mvua ikiwa bado ipo. Vichwa vitakomaa Juni, kiangazi kikianza: ukisugua kimoja kiganjani na mbegu zikadondoka zenyewe, vikate asubuhi, vianike juu ya shuka safi, vifikiche, upepete kwa lungo. Juni ni katikati ya miezi ile ile ambayo uvuvi ulifungwa.