Shimo inajaa maji, bidoni ya nyumbani iko bule

Saa kumi ya asubui, mbele bisi ya kazi ipite, bamama wamesha kupanga mulongo na bidoni zao kwenye foraji ya mutu mwenye makuta. Bwana anapanda bisi ya kwenda Kinsevere, bibi anabakia kwenye mulongo. Hii picha tunaijua wote. Lakini tujiulize: sababu gani iko hivi?

Kwanza, maji yenyewe haikosekane. Kinsevere, kilometa 30 hivi kaskazini ya Lubumbashi, tunachimba shaba katika shimo za wazi. Mutu yote wa kazi anajua: ukishuka chini unakuta maji, na bila pompi ya kuivuta machini haitembei. Maji iko chini ya miguu yetu. Kinachokosa ni pompi, tiyo, umeme, na mutu wa kujibu.

Zamani Union Minière, na kisha Gécamines, ilipatia mufanyakazi nyumba ndani ya kamp, na robine ilikuwa pale. Haikuwa paradiso: ukipoteza kazi, unapoteza nyumba na maji pamoja. Lakini ulijua mulango wa kupiga. Leo kampuni nyingi hazijengi kamp, zinatoa makuta ya nyumba juu ya mushahara. Mufanyakazi wa sutretansi, mwenye kupata kidogo, anatafuta lupangu kule bei iko chini: pembeni ya mji, upande wa komini ya Annexe, mahali viwanja viliuzwa mbele barabara na tiyo za REGIDESO zifike. Basi maji iliyokuwa ya kampuni, leo mushahara wetu njo unailipa, bidoni kwa bidoni.

Wengine wanachimba kisima nyumbani. Lakini lupangu ni ndogo: choo hapa, kisima pale. Mvua ikianza, uchafu wa choo unapenya kwenye kisima, na kolera haipigi hodi. Kuchemsha maji kunaomba makala, na makala ni makuta tena. Mimi mwenyewe mwaka moja nililala hospitali siku tatu pembeni ya mutoto wangu, juu ya maji ya kisima chetu, na kile kisima nilikisifu mbele ya majirani.

Tunaitukana REGIDESO, na sababu ziko. Lakini pompi zake zinaomba umeme wa SNEL. SNEL ikikata, mugodi unawasha jenereta na kazi inaendelea. Kwenye kartiye, robine inakauka.

Sheria inasema nini? Konstitisyo ya 2006, kifungu 48, inahakikisha haki ya maji ya kunywa na umeme. Kode ya migodi, iliyobadilishwa 2018, inaomba kampuni itoe 0,3% ya mauzo kwa maendeleo ya wakaaji wa kandokando: kwa kila dola 1.000, dola 3. Tena kuna redevansi: 50% ya Kinshasa, 25% ya jimbo, 15% ya ETD kule mugodi uko, 10% ya mufuko wa vizazi vya kesho.

Hapa njo penye fundo. Ile 0,3% na ile 15% zinabakia karibu na mugodi. Ni haki, vijiji vya kule njo vinakula vumbi. Lakini Kinsevere iko katika teritware ya Kipushi, na sisi wengi tunalala Lubumbashi. Kartiye yetu haimo katika ile hesabu. Kampuni inasema «tulishatoa», komini inasema «hatukupokea», na wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli. Kwetu sisi, mulango wa kupiga ni ile 25% ya jimbo.

Kwa hiyo, mambo matatu. Moja: tukizungumuza na kampuni juu ya makuta ya nyumba, bei ya maji iingie ndani ya hesabu. Mbili: jimbo litangaze 25% ni kiasi gani kila mwaka, na ngapi ilienda kwenye maji. Tatu: foraji isitolewe bila kamati na makuta ya kuitengeneza. Tumeona mingi: leo wanakata utepe na kupiga picha, kisha pompi inakufa, hakuna wa kununua hata kipande kimoja. Na daftari ya ile kamati bamama waishike, juu wao njo wanajua pompi ilikufa siku gani.

Sisi wa sendika pia tuko na kosa. Miaka yote tuliomba primi na unga, maji tuliiachia wanawake sawa vile si jambo ya kazi. Lakini mutu aliyelala saa tatu tu, na mutoto mugonjwa nyumbani, anaingia ndani ya shimo na kichwa kizito, na shimo haisamehe.

Basi delege akikuja kwako kuomba sauti yako, umuulize: bidoni ya maji ni bei gani kwenu? Kama hajui, bibi yake anajua. Afazali tumuchague yule mama.